Tambara Lililorudi Kutoka Mchombe

Marahaba. Najua hamjaniamkia. Siku hizi nikipita pale bandani nyote watatu mmeinamia simu, kwa hiyo nimejibu mapema ili tuendelee na mengine.

Nawaandikia ninyi mabinti mliokalia mashine tatu za kufumia za Mama Gaude hapa Lipangalala. Ile ya karibu na dirisha nilikaa mimi, miaka kumi na miwili. Nimestaafu nikiwa na thelathini na mmoja, na nimeshasikia mnavyosema, mstaafu gani huyu ananyonyesha. Ndiye mimi. Mtoto wangu wa tatu alikuwa anakohoa kila nikirudi na vumbi la pamba kwenye nywele. Muuguzi akaniambia nichague, nikachagua. Nikaagwa kwa soda ya moto na keki iliyokatwa kwa mkasi wa kukatia nyuzi. Sina kinyongo. Nina watoto wenye afya, nina bustani ya mchicha, na mgongo umeacha kuniuma. Mimi ni mtu mwenye raha zake.

Ila leo nina hasira, na mtanisikiliza.

Kitambaa cha jikoni mlichofuma kwa ajili ya mama mkwe wangu kimerudi. Kondakta wa basi la Mlimba kanishushia mlangoni, kimekunjwa ndani ya mfuko wa sukari, na salamu kazikariri vizuri kama mtoto wa kipaimara: “Mama wa Mchombe anasema, mwambie aliyefuma, hili ni tambara.”

Nikakitandaza mezani. Nyuzi hazikubanwa, nikiweka kidole nyuma nakiona mbele. Mafundo mmeyaacha usoni, kila mtu ayaone. Pindo linakwenda linarudi kama njia ya ng'ombe. Nikakinusa, kinanuka uji. Maana yake hamkukifua hata mara moja.

Mama mkwe wangu hakosei kwenye neno hilo. Kuna wakati alikosea, na nitawaeleza lini, lakini siku hizi hakosei.

Mjue kwanza kwamba kwa Mama Gaude neno tambara lilikuwa marufuku. Ninyi mmemkuta amezeeka, anasinzia kwenye kiti na kuwaachia mfanye mtakavyo. Mimi nilimkuta mwanamke mfupi wa Kipogoro kutoka Mahenge, mwenye sauti ndogo, hajawahi kumfokea mtu. Ukitamka tambara alikuwa anakupa ufagio tu, unafagia vumbi la pamba banda zima huku wenzako wanafuma. Nilifagia sana mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi juzi, nikijiona msomi, na mdomo wangu mnaujua.

Alikuwa na namna yake ya kukagua kazi. Hakuangalia kwa macho. Alifumba macho, akapitisha kitambaa kwenye shavu kutoka pindo hadi pindo, na pale ulipokuwa unawaza mambo mengine wakati wa kuvuta kitana, lile chanuo la kubania uzi, alisimama. “Hapa ulikuwa unawaza nini?” Na kweli ulikuwa unawaza kitu. Mimi mara nyingi nilikuwa namuwaza mama mkwe.

Mama mkwe analima mpunga Mchombe. Mume wangu ni mwanawe wa kiume wa pekee, na mama yake akisema jambo yeye huangalia viatu. Nilipojifungua Neema, huyu mwanangu wa kwanza, mama mkwe alitulia miezi minne. Mpunga ulipoanza kutoa masuke akapiga simu.

“Mama Neema, ndege wameanza kushuka. Uje kuamia.”

“Mama, nina kazi.”

“Kazi gani? Mwanamke mzima mwenye mtoto, amekaa chini ya bati anafuma matambara, na mpunga unaliwa.”

Kuamia mnakujua. Unakaa kwenye dungu, lile jukwaa la miti shambani, kuanzia jua linatoka mpaka linazama, unapiga debe na kupiga kelele ndege wasishuke. Hakuna ubaya, wapo wanaoipenda kazi hiyo na wanaiweza kuliko mimi. Lakini nilijua nikipanda dungu lile msimu mmoja, sishuki. Msimu wa pili ningekuwa wa Mchombe, na mashine ya dirishani ingekuwa ya mtu mwingine. Nikamjibu kwamba Mama Gaude ananitegemea, hawezi kuniachia. Ilikuwa nusu kweli.

Wiki ile ile nikaharibu kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kuharibiwa bandani.

Uliingia ujumbe kwenye simu ya Mama Gaude, kwa Kiingereza, kutoka hoteli moja ya watalii huko milimani. Wanataka vitambaa arobaini. Mama Gaude akanipa simu, maana mimi ndiye msomi. Nikasoma. Neno la kwanza chai. Neno la pili taulo. Nikatangaza, “Wanataka mataulo ya chai.”

“Ndiyo nini?” akauliza Mama Gaude.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema sijui, ngoja tuulize. Mimi nikafikiri kidogo. Chai na kitambaa vinakutana wapi? Kwetu, chujio likipotea, mama alikuwa anachujia chai kwenye kitambaa. Nikasema bila kupepesa macho, “Ni vya kuchujia chai, mama. Wazungu hawapendi majani kwenye kikombe.”

“Basi vifumwe wazi.”

“Wazi kabisa.”

Tukavifuma wazi. Arobaini. Kazi nyepesi kuliko zote, hubani uzi, unapitisha tu na kwenda. Vilikuwa kama chandarua. Nikaona hata rangi nyeupe itaharibika kwa chai, nikashauri tuweke kahawia. Mama Gaude akasema msichana huyu anafikiri mbali.

Dada wa manunuzi wa ile hoteli alikuja mwenyewe kuvichukua. Dada mstaarabu, viatu vyeupe kwenye matope yale ya masika. Akashika kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akatuona sote kupitia kitambaa. Akachukua glasi ya Mama Gaude, akaichovya kwenye ndoo, akaifuta. Glasi ikatoka imelowa vile vile na imeota nywele za kahawia.

“Samahani, mama,” akasema. “Ninyi vyombo mnakausha na nini?”

“Na jua,” akajibu Mama Gaude.

Wala hakuwa anatania. Nendeni nyuma ya nyumba yoyote hapa Lipangalala, mtakuta kichanja, miti minne na fito juu, vyombo vimeanikwa vinang'aa. Unaosha, unasuuza, unapanga, unaondoka. Jua la Ifakara linamaliza sahani kabla hujafika mlangoni. Kwamba mahali fulani mtu mzima anasimama na kitambaa, anachukua sahani moja anafuta, anaweka, anachukua nyingine, hilo halikutujia kichwani. Tungeulizwa mara mia tusingelipata. Kumbe taulo la chai kazi yake ni ya jua.

“Kule kwenu hakuna jua?” nikauliza. Mnaona mdomo.

“Lipo. Ila glasi lazima ing'ae mezani, na mgeni amekaa anasubiri.” Akaweka kitambaa chini taratibu. “Nitarudi baada ya wiki tatu. Nikikuta kinachokunywa maji, tutaendelea. Nisipokuta, tuagane vizuri.”

Msisubiri niwaambie vile vitambaa vya kahawia vikageuka baraka. Hadithi za namna hiyo sizipendi. Havikugeuka kitu. Vinane akapewa Neema vikawa nepi, na nepi ya chandarua mnaweza kuifikiria wenyewe. Vingine wanawake wakachujia tui, na vikaisha kwa aibu kidogo kidogo.

Dada alipoondoka nikasubiri ufagio. Mama Gaude hakunipa ufagio. Akakaa, akanitazama, akaniuliza, “Nyumbani kwako una kitambaa cha jikoni?”

Sikuwa nacho. Mwaka mzima nafuma, sina hata kimoja. Sufuria nilikuwa nashika kwa pindo la kanga niliyovaa, kama mnavyofanya ninyi mpaka siku mtakapoungua tumbo.

“Unafumia watu ambao hujui jiko lao,” akasema. “Sawa, hutalijua. Lijue lako. Fuma kimoja, nenda nacho, kaa nacho wiki mbili. Jumamosi ya pili uje nacho, uniambie kinafanya nini. Ukija bila jibu, mashine ya dirishani nampa mwingine, nawe uende Mchombe kwa amani.”

Basi sikilizeni nilivyokifuma, maana hamuoneshwi tena.

Mtande, zile nyuzi ndefu zinazotangulia kufungwa kwenye mashine, tunaupaka uji ili usikatike. Hilo mnafanya. Mshindio, uzi unaopita katikati, msiuvute. Ulazeni kwa mshazari kidogo, kisha ndipo mvute kitana. Ukiuvuta ukakaza, pindo linaingia ndani, na ndiyo ile njia ya ng'ombe. Kitana kivuteni mara mbili, ya kwanza kuusogeza uzi, ya pili kuubana, kwa nguvu ile ile asubuhi na mchana. Ukichoka, acha, kanywe maji. Uzi ukikatika, fundo litoke nyuma. Na kila kitambaa kiwekeeni kitanzi kwenye kona. Kitambaa kisicho na kitanzi kitakaa kwenye bega la mtu, na bega la mpishi lina jasho.

Nilikifuma cheupe, na mistari miwili ya bluu pembeni. Nikakipeleka nyumbani nikakifutia sahani, kikateleza. Maji yakabaki kwenye sahani, kitambaa kikavu. Nikataka kulia. Nikafuta tena, Neema akiwa mgongoni anacheka, sijui alikuwa anacheka nini. Kesho yake nikakichemsha tu kwa hasira, kwenye sufuria la maji na sabuni ya mche, na yale maji yakawa mazito. Uji. Uji wote wa mtande ulikuwa bado ndani ya pamba. Kitambaa kilikuwa kimeshiba, kitakunywa nini? Nikamwaga, nikachemsha tena, nikaanika chini ya baraza. Mara ya tatu maji yakatoka meupe safi. Nikakidondoshea tone, likapotea kabla sijaliangalia.

Mara tatu. Andikeni ukutani kama mnasahau.

Wiki ile mvua haikuacha. Kichanja kilikuwa kinaosha vyombo upya badala ya kuvikausha. Kwa mara ya kwanza maishani nikafuta sahani moja baada ya nyingine kama mtu wa hotelini, na sahani zikaingia kabatini kavu. Nikaanza kuona. Nilikishikia sufuria. Nikakiweka juu ya ugali chini ya mfuniko, kikafyonza mvuke, ugali ukatoka bila jasho. Nikakifungia chapati zikakaa laini mpaka mchana. Jirani alikuwa amelazwa, nikampelekea uji kwenye chupa, nikaizungushia kitambaa na kufunga fundo juu. Mgonjwa alipofungua fundo akatabasamu kabla hajaonja. Angepewa chupa bila kitambaa angeona ameletewa uji. Kwa lile fundo aliona kuna mtu amesimama jikoni akimfikiria. Hapo nikasema haya, hilo nalo ni jibu, nitamwambia Mama Gaude.

Jambo moja tu sikukifanyia, na ninyi naona mnafanya. Pua ya mtoto. Kitambaa cha jikoni hakifuti pua ya mtoto. Nilimuona mmoja wenu, simtaji, anajijua, amefuta pua halafu akafunika wali. Siku ile nilinyamaza kwa sababu palikuwa na wageni.

Alhamisi ya wiki ya pili mama mkwe akafika. Hakupiga simu. Amelowa, ana kiroba cha mchele kichwani na debe tupu mkononi, lile la kupigia ndege, amelileta ili nisipate kisingizio cha kulitafuta.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umefungasha?”

“Mama, Jumamosi ninahitajika kazini.”

“Kwenye matambara.”

“Kwenye vitambaa.”

“Haya,” akasema, akaenda jikoni. Mama mkwe wangu akiwa na hasira hupika. Nikakaa barazani na mtoto namuangalia kupitia mlangoni. Akapika wali. Mkono ukatafuta kitu cha kushikia sufuria, ukakuta kitambaa kwenye msumari. Akashikia. Akafuta mikono. Akakikunja mara mbili akakiweka chini ya mfuniko, akapanga makaa juu, kama alikuwa anakifanya hivyo tangu kuzaliwa. Wali ulipoiva akakitoa, akafuta sahani tatu. Akafuta kichwa chake, nywele zilizolowa, akakiangalia. Akakikamua, maji yakatoka mengi. Akakiangalia tena. Akakirudisha kwenye msumari, kwa kitanzi.

Wali ulikuwa mzuri mno.

Asubuhi akaondoka na basi la kwanza. “Debe nakuachia,” akasema. “Jumapili uje nalo.”

Niliingia jikoni kuchukua kitambaa nikifue kwa ajili ya kesho yake. Msumari mtupu. Nikatafuta chini ya meza, kwenye kamba, kwenye beseni la nguo za mtoto. Nikamuuliza mume wangu, akaangalia viatu. Hapo nikajua.

Mnaelewa nilivyokuwa? Kesho Jumamosi. Kitambaa kimoja, nimeambiwa kimoja, na mashine yangu imening'inia kwenye kitambaa hicho. Nikamfunga Neema mgongoni, nikapanda basi la saa nne kwenda Mchombe, na debe mkononi, kwa sababu nilikuwa na hasira hata sikuona kwamba nimelibeba.

Nilimkuta shambani, juu ya dungu. Mpunga mpaka upeo wa macho, ndege wamejaa hewani kama makapi. Pembeni yake sufuria dogo la viazi, na juu ya sufuria, kimefungwa fundo zuri, kitambaa changu cheupe chenye mistari ya bluu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umewahi. Nilisema Jumapili.”

“Sijaja kuamia. Nimekuja kuchukua kitambaa changu.”

“Kitambaa gani?”

“Hicho.”

Akakitazama kama ndiyo kwanza anakiona. “Hiki? Mimi nilijua wewe unafuma matambara.”

“Mama, nipe. Kesho nakionesha kazini. Nikikosa kukionesha nafukuzwa.”

“Sasa ukifukuzwa si ndiyo utakuja kuamia?”

“Ndiyo.”

Ndege wakashuka upande wa mtoni, hakuwapigia hata kelele. Alikuwa anahesabu jambo kichwani, nikimuona kabisa. Kisha akavuta sufuria karibu na paja lake.

“Ukija kuamia,” akasema polepole, “hiki kikichakaa, atanifumia nani kingine?”

Neema akaanza kulia mgongoni, nikamshusha nikamnyonyesha.

“Chukua viazi ule, mtoto ananyonya. Halafu uwahi basi. Debe niachie.”

“Na kitambaa?”

“Kitambaa ni changu.”

Nikarudi Ifakara mikono mitupu. Jumamosi nikaingia bandani, nikasimama mbele ya Mama Gaude. Vitambaa vingine vilikuwa mezani, vimekunjwa. Changu hakipo.

“Kiko wapi?”

“Kimeibiwa.”

“Na nani?”

“Mama mkwe.”

“Yule wa matambara?”

“Huyo huyo. Nimemfuata mpaka Mchombe. Kakikatalia.”

Mama Gaude alicheka. Mwaka mzima sikuwahi kumsikia akicheka, sauti ilikuwa kubwa kuliko ya kuongelea. Akafuta machozi kwa kona ya kanga. Nikataka kumweleza habari za uji, na kuchemsha mara tatu, na fundo la mgonjwa, nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Akainua mkono.

“Nimeshaelewa kinafanya nini,” akasema. “Kaa kwenye mashine.”

Nikakaa miaka kumi na mmoja mingine. Dada wa hoteli alirudi, akachovya glasi, akafuta, akaiinua kwenye mwanga, akaagiza tena. Lakini mimi mtihani wangu niliufaulu juu ya dungu.

Kile kitambaa mama mkwe alikitumia mpaka mwaka huu. Kimetoboka katikati, kingo bado ziko sawa. Ndipo akaniagiza kingine, nikawapa ninyi kazi hiyo kwa sababu mimi siruhusiwi tena kugusa pamba, na kwa sababu nilijua mmefundishwa. Mkanifumia kile.

Nakirudisha pamoja na karatasi hii. Kifumueni, nyuzi bado nzima, zitafaa kufungia mizigo. Halafu fumeni kingine, cheupe, mistari miwili ya bluu. Mafundo nyuma, kitanzi kwenye kona, mchemshe mara tatu. Mkimaliza msiniletee mimi. Mmoja wenu apande basi akipeleke mwenyewe, amwamkie mama vizuri, akitundike kwenye msumari jikoni, kisha aseme amebadili mawazo, anataka kuondoka nacho.

Akipewa, rudini mkafume upya. Akinyimwa, mmefuzu.